Namba Kumi Asiyenyoosha Mkono

Mama alipomwambia kaka yangu Shehata ashuke uchochoroni akamwombee mwanawe vitambaa, kaka alijibu neno moja tu, "Hapana," akaendelea kufunga kamba za viatu. Alikuwa anakwenda mazoezini. Mtoto nilikuwa nimempakata mimi. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba kila mara nilifunua blanketi kuona kama bado yumo.

Huyo alikuwa mtoto wa tatu wa kaka. Wawili wa kwanza hawakufika siku ya saba. Huyu alizaliwa kabla ya wakati wake, akawekwa kwenye kisanduku cha joto hospitalini, na siku tuliporuhusiwa kumchukua daktari alituambia dawa zimefanya kazi yake, sasa anyonye. Lakini hakuwa ananyonya. Alikuwa anavuta kidogo, anachoka, analala kama mzee aliyetoka shamba.

"Wewe nilikuombea, ukaishi," mama alimwambia kaka. "Leo mwanao unamnyima."

"Niliishi, mama. Lakini hujui niliishi vipi."

"Uliishi kwa miguu miwili na tumbo lililoshiba. Kuna namna nyingine?"

Kaka alinitazama mimi, maana nilijua. Kisha akabeba mfuko wake akashuka ngazi, na mama akabaki anautazama mlango kana kwamba mlango ndio uliomjibu vibaya.

Sisi hapa Zifta, mji wa Misri kando ya mto Nili, jambo hili hatulifichi. Mwanamke akifiwa na watoto mfululizo, watu husema jicho la husuda limemwona. Basi akizaa tena, mzazi hushuka pekupeku, na nguo iliyochanika, akaombe nyumba saba. Si kuazima, si kununua, na wala si kubisha hodi kijirani na kuulizana habari za jana. Ni kuomba kweli, mkono mbele: "Kwa ajili ya Mungu, kitambaa cha ombaomba." Vile vitambaa vinashonwa gauni la mtoto, na mtoto anapewa jina la kudharauliwa ili jicho lipite bila kugeuka. Mama alikuwa amezika wavulana kabla ya kaka. Akashuka, akaomba, akamwita Shehata, yaani mtoto wa kuombaomba, akamtoboa na sikio la kushoto kama msichana. Tundu lile lipo mpaka leo. Kaka akaishi. Mimi nilipofuata hakuna aliyeniombea. "Wewe ulikuja mwenyewe," mama husema, na sijawahi kujua kama ananisifu.

Kwa hiyo kaka hakuwa wa kwetu peke yetu. Fundi Bishara, mshona viatu wa pale chini, Mkristo, alitoa kipande cha pazia la chumba chake cha harusi, na tangu hapo kila akishona kiatu cha kaka anasema, "Polepole na mguu huu, nina hisa ndani yake." Hajja Ratiba, mjane anayeuza tirmisi, zile kunde chungu zilizolowekwa chumvini, mlangoni kwake, alitoa mkono mzima wa gauni lake la harusi. Hakutusahaulisha hata siku moja. Mpira ukigonga dirisha lake alikuwa anatoa kichwa na kusema, "Mkono wa gauni langu uko mgongoni mwake, na shukrani yake ndiyo hii."

Mpira wenyewe ulikuwa wa soksi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, na jioni alirudi na mabaki ya pamba mfukoni. Kaka alikuwa anayashindilia ndani ya soksi ndefu ya mama, anaifunga kwa uzi, anaizungushia vipande vya mpira wa baiskeli, kisha anaipaka gundi na kuianika kwenye paa pamoja na vitunguu. Uchochoro wetu watu wawili wakipishana lazima mmoja ajibane ukutani, na katikati kuna mfuniko wa shimo la majitaka usiokaa sawa. Kaka alikuwa mdogo kuliko wenzake wote. Ukimpa mpira, kabla hujafumba jicho ameshautoa, umepita katikati ya miguu ya watu umemfikia mwenzake ambaye hata hakujua kuwa yuko peke yake.

"Mbona hukai na mpira?" nilimuuliza.

"Nikikaa nao wananivunja. Nikiutoa wanaukimbilia huko, mimi nabaki salama."

Hiyo ndiyo shule yake. Kapteni Fikri, kocha wa timu ya kiwanda, siku moja alisimama mdomoni mwa uchochoro na sigara yake, akatazama mpaka ikamuunguza kidole.

"Nani kamfundisha huyu?" alimuuliza Fundi Bishara.

"Ule mfuniko wa shimo," Fundi akasema.

Wakamchukua. Wakampa jezi namba kumi, kiungo mshambuliaji, yule anayesimama nyuma ya washambuliaji na kazi yake ni kuona mlango kabla haujafunguka. Uwanja wa kiwanda uko nyuma ya nyumba zetu. Juu ya paa letu, ukisimama kati ya banda la njiwa na kamba ya nguo, unauona wote isipokuwa goli la upande wa kulia, maana tangi la maji la kiwanda limesimama mbele yake. Mama hakujua sheria hata moja ya mpira. Alijua namba kumi. Akipewa mpira mtu mwingine mama alinung'unika, "Yule naye wa nini?" Kaka akiutoa mpira alinung'unika pia. "Kapewa, katoa. Huyu mtoto hatakuwa na kitu maishani."

Magoli yake mwenyewe yalikuwa machache. Ya wenzake aliyatengeneza yeye.

Sasa nieleze kile ambacho mama hakukijua. Mwaka wake wa kwanza na wakubwa, timu ilivuka daraja kwenda kucheza na wapinzani wa ng'ambo ya mto. Kaka alikuwa peke yake, wazi, akanyoosha mkono kuomba mpira kama mchezaji yeyote. Mtangazaji alikuwa ameshataja majina kwenye kipaza sauti, na la Shehata wote walijua maana yake. Mtu mmoja jukwaani akasema kwa sauti ya kuchoka, ile ya mtu aliyekatizwa chakula chake, "Mungu atakupa."

Ndivyo tunavyomjibu ombaomba tusipokuwa na cha kumpa. Mungu atakupa, nenda mlango mwingine.

Mstari mzima ukacheka. Aliponyoosha tena mkono wakaitikia watu kumi, baadaye jukwaa lote, kwa makofi na kwa ngoma. Maneno hayo yakapanda basi pamoja na washabiki, yakasafiri naye. Ligi ya daraja la pili haina televisheni ya maana, ila ina kumbukumbu ndefu. Kila mji aliokwenda yalimkuta yameshafika. Mahali pengine alipokwenda kupiga kona walimtupia vipande vya mkate. Kaka aliinama, akaokota mkate, akaubusu, akauweka pembeni juu ya ukuta mdogo usikanyagwe, kama alivyolelewa. Mume wangu alikuwepo siku hiyo, akaniambia jukwaa lilinyamaza kidogo. Kidogo tu. Kona ilipopigwa wakaanza tena.

Nyumbani hakusema neno. Washabiki wa wageni wakija kwetu huwa wachache, na kule juu ya paa sauti zao zilifika zimevurugika na za njiwa, kwa hiyo mama alisikia kelele tu. Mimi nilianza kuona kitu kingine. Mkono wa kaka ulikuwa haupandi tena. Wenzake wote wanapunga, wanaita, wanalaumu. Yeye anatembea mpaka mahali penye nafasi, anasimama, mikono imelala mapajani kama mtu aliye kwenye picha ya kitambulisho.

"Kaka, mbona siku hizi huombi mpira?"

"Wenzangu wanajua nilipo."

Na ilikuwa kweli. Walimjua kama tunavyojua swichi ya taa gizani. Hawakuhitaji kumtazama. Akawachezea hivyo miaka, kimya, na timu ya kiwanda haikuwahi kushuka daraja.

Kisha ikaja safari ya Kairo. Klabu moja kubwa ilituma mtu, akamtazama kaka mechi nzima, akamwita kwa majaribio. Mama alimkandia fatiri, ule mkate wa matabaka unaochuruzika samli, hata mfuko wa safari ukalowa. Fundi Bishara alibadilisha soli za viatu na hakutaka kusikia habari ya malipo. Hajja Ratiba aliondoka pale mlangoni kwake, jambo ambalo hulifanya kwa jeneza tu.

"Ukifika kule," alisema, "waambie mgongo wako una hariri."

Alirudi kesho yake. Alipanda ngazi akala, akasema wamesema watapiga simu. Viatu akampelekea Fundi Bishara avitazame, na Fundi akavigeuza, akaona ngozi ya mbele haina hata alama ya mpira, akavirudisha kwenye mfuko. Fundi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, baadaye sana.

Kaka aliniambia juu ya paa, anawapa njiwa maji.

"Nilikuwa wazi muda wote."

"Sasa hawakukuona?"

"Kule hakuna anayemjua mwenzake. Kila mtu mkono juu, anapiga kelele. Anayepiga kelele ndiye anayepewa."

"Wewe ulinyoosha?"

Alimimina maji mpaka bakuli likafurika.

"Majukwaa yalikuwa matupu, kaka. Hakuna mtu ambaye angekucheka."

"Najua yalikuwa matupu," akasema. "Mkono ndio haukujua."

Simu haikupigwa. Akabaki hapa, asubuhi ghala la kiwanda, alasiri uwanjani. Akamwoa Insaf, binti wa kijiji cha jirani, mpole wa maneno ila akiamua jambo ameamua. Goti likaanza kuvimba kila Ijumaa baada ya mechi. Kapteni Fikri akaanza kumweka benchi na kumwingiza kipindi cha pili, na msimu huu alimwambia, akimshika bega, kwamba mechi ya mwisho nyumbani itakuwa yake ya kuaga. Hakutakuwa na sherehe wala maua. Hayo ni ya wakubwa wa Kairo.

Basi huyo ndiye mtu ambaye mama alimwambia ashuke akanyooshe mkono.

Maziwa ya Insaf yalichelewa, na mimi binti yangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo nilimpa mtoto wa kaka titi langu. Akawa mwanangu wa maziwa, ndugu wa binti yangu. Nilimkalia asubuhi na mchana, nikimgusa shavu ili asilale. Insaf alilala upande wa pili, tumbo lina mshono wa upasuaji, ananitazama kila ninapomeza mate.

"Amevuta?"

"Amevuta kidogo, wifi."

"Kidogo kuliko jana au zaidi?"

Nilikuwa namwambia zaidi.

Mama na kaka hawakusemeshana. Mama ana vita vyake vya jikoni. Alimwekea kaka maharage bila mafuta, bila limau, yamekauka kama udongo. Kaka alikula siku ya kwanza, akala ya pili. Siku ya tatu akasema, "Mama, mafuta kidogo."

Mama hakugeuka kutoka kwenye jiko. "Mungu atakupa."

Alikuwa anatania, nusu. Kaka aliweka mkate chini taratibu, akanawa, akaondoka kwenda mazoezini kabla ya saa yake.

"Sasa huyo kakasirikia mafuta?" mama akaniuliza.

Nilimweleza. Nilimweleza yote, la ng'ambo ya daraja, la mkate kwenye kona, la Kairo. Mama alikuwa na kijiko mkononi, akakishika hivyohivyo mpaka maharage yakaanza kunuka kuungua.

"Zile kelele tulizokuwa tunazisikia hapo juu," alisema.

"Ndizo."

"Na mimi nilikuwa napiga makofi." Akazima jiko. "Miaka yote hiyo kabeba ombi langu. Basi asiombe yeye. Nitashuka mimi tena."

Alivua kandambili, akashika ukuta. Miguu ya mama imevimba tangu baba afariki, na ngazi zetu ni nyembamba. Alifika kwenye kibaraza cha kwanza akakaa chini, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Nilimwambia niende mimi, akakataa. Aombe mzazi, alisema, na bibi akilazimika. Shangazi hahesabiki hata kama amenyonyesha.

Tulipokuwa tunabishana pale tukasikia mlango wa juu. Insaf alikuwa ameamka. Alikuwa amevaa gauni lake la zamani la kufulia, lililochanika kwapani, miguu mitupu. Mkono mmoja kwenye mshono, mmoja kwenye ukuta. Akatupita mimi na mama bila kutuomba ruhusa, ngazi moja, anapumua, ngazi nyingine.

Chini kaka alikuwa anarudi. Mazoezi hayakumkalia, nadhani. Alikuwa bado na jezi, jasho limemkauka shingoni. Akaziba njia.

"Unakwenda wapi?"

"Kuomba."

"Insaf, utapasuka."

"Nipasuke. Nipishe."

"Rudi juu, mke wangu."

"Wawili nimewazika bila kuwaombea," Insaf akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sikuwa najua. Sasa najua. Nipishe, Shehata."

Kaka aliitazama miguu yake juu ya saruji. Kisha akaketi palepale kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu, akavua kimoja, akavua cha pili, akaviweka pamoja ukutani kama mtu anayeingia msikitini. Akashika ukosi wa jezi akauvuta mpaka ukachanika.

"Mrudishe juu mama," aliniambia.

"Mama atarudishwa na Insaf," mama akasema kutoka kwenye kibaraza chake. "Wewe mpe wifi yako mkono tukae hapa wote, halafu mfuate kaka yako ukiwa na mtoto. Mtoto lazima awepo."

Nikamchukua mtoto kule juu, nikamfuata kaka. Ilikuwa baada ya alasiri, wanawake wamekaa vizingitini wanachambua mlenda, na mpira wa watoto ulikuwa unagonga kuta. Kaka alianzia kwa Fundi Bishara, kwa sababu ndiye aliye karibu, na pia, nafikiri, kwa sababu ndiye mpole.

"Namba kumi," Fundi alisema bila kuinua macho, "viatu vyako vina nini tena?" Kisha akaona miguu. Akaniona mimi na mtoto. Nyundo akaiweka chini.

"Fundi, nilikuwa naomba..." kaka alianza.

"Si hivyo."

"Kitambaa tu, Fundi, kipande chochote."

"Si hivyo, mwanangu. Mama yako hakusema na mimi kama mteja. Alisimama hapo ulipo, akasema inavyosemwa. Nyoosha mkono."

Sijui kama Fundi alijua alichokuwa anakidai. Mkono wa kaka ulipanda mpaka kiunoni ukasimama. Vidole vimekunjwa. Wale wanawake waliacha kuchambua mlenda. Kile kitundu cha sikio la kaka kilikuwa chekundu. Mtoto akasogea ndani ya blanketi. Kaka akasikia, akageuka kumtazama, na alipogeuka tena mkono ulikuwa umefika, umenyooka, kiganja wazi.

"Kwa ajili ya Mungu," alisema, "kitambaa cha ombaomba."

Fundi Bishara alichukua kisu chake cha ngozi, akavuta mkia wa shati alilovaa, akaukata palepale. "Nimeongeza hisa," akasema, akarudi kwenye nyundo yake haraka.

Baada ya hapo nyumba zilikwenda. Hakuna aliyecheka, hata wale watoto. Mmoja alitoa ncha ya shuka, mwingine kitambaa cha kichwa alichokivua hapohapo, akajifunika kwa mkono mpaka alipofika ndani. Kaka alikuwa anasema maneno yale kila mlango, na kila mlango yalitoka mepesi zaidi.

Wa mwisho alikuwa Hajja Ratiba, na sinia yake ya tirmisi.

"Nani huyo?" akauliza, na yeye macho yake hayana kasoro hata moja.

"Mimi, Hajja."

"Mimi nani? Ombaomba hajitambulishi."

"Ombaomba, Hajja."

"Sauti. Mama yako aliomba vizuri kuliko hivi, na yeye alikuwa analia."

"Kwa ajili ya Mungu," kaka alisema, na uchochoro wote ulimsikia, "kitambaa cha ombaomba."

Hajja alimtazama. Mimi nilimkaza mtoto kifuani, maana lile jibu la "Mungu atakupa" ndilo linalomjia mdomoni mtu yeyote, hata asipokusudia ubaya. Lakini Hajja aliinuka, akashika magoti, akaingia ndani, tukasikia kabati linafunguka na harufu ya dawa ya nondo ikatoka mpaka nje. Akarudi na mkono wa gauni la harusi, hariri iliyogeuka njano.

"Ule wa kwanza uliondoka," alisema, "huu ukabaki unaning'inia kwenye gauni peke yake, haufai kitu. Nilijua tu ipo siku familia yenu itarudi. Nyinyi hamjui kuacha." Akauweka kwenye kiganja cha kaka, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja, kama anamfundisha mtoto kushika. "Nenda. Na mpira usinigongee dirisha."

Mama alishona gauni lile siku hiyohiyo, mishono mikubwa, ya haraka. Lilikuwa baya sana. Mkia wa shati la Fundi mgongoni, hariri ya Hajja kifuani. Tulipomvisha mtoto alipotelea ndani yake, kimebaki kichwa tu.

"Na jina," mama akasema.

"Atiya," kaka akasema.

"Atiya ni zawadi. Watu hawafichi zawadi. Jicho litamwona."

"Likimwona, litaona na gauni."

Mama alibishana kidogo, kisha akaacha. Lakini mpaka leo akimwogesha mtoto akidhani yuko peke yake humwita mwana wa ombaomba, kwa sauti ya chini, ili jicho lisikie lipite.

Hakuamka siku ya pili akanyonya kama ndama, nisidanganye. Alivuta kidogo, na kesho yake kidogo zaidi, na sikuwa tena namdanganya Insaf. Daktari alisema ni kawaida, wengine huanza hivyo wakishapata nguvu. Mama alisema daktari aombe riziki yake kwingine. Mimi sijui. Nilijua tu uzito wake kwenye mkono wangu, na ulikuwa unabadilika. Ile karamu ya siku ya saba ya kumkaribisha mtoto, iliyokuwa imeahirishwa, tukaifanya. Tukamlaza kwenye chekeche, chumvi ikamwagwa pembe zote, na Hajja Ratiba akatwanga kinu kitupu karibu na sikio lake akimwambia, kama desturi ilivyo, "Msikilize mama yako, usimsikilize baba yako," kisha akaongeza la kwake, "na ukipewa kitu, kaa nacho."

Mechi ya mwisho ilikuwa na wale wa ng'ambo ya daraja. Walikuja na mabasi, safari hii wengi, na ngoma zao. Sisi tulikuwa juu ya paa, mama kwenye kiti, Insaf, mimi na Atiya ananyonya chini ya shela yangu, gauni lake limening'inia. Kwenye paa lake Hajja Ratiba alikuwa anaanika mlenda, au alijifanya anaanika. Fundi Bishara alikuwa kule chini, karibu na mstari.

Kaka aliingia kipindi cha pili. Goti limefungwa. Alitembea mpaka katikati ya watu wao na watu wetu, mahali palipo tupu, akasimama. Beki wetu alikuwa na mpira, kijana mgeni aliyejiunga msimu huu, hajui bado swichi iko wapi. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

Mkono wa kaka ukapanda. Haukupanda nusu. Ulipanda wote, juu ya kichwa, kiganja wazi.

Jukwaa la wageni lilikuwa linamngoja kwa miaka. Ngoma zikapiga, wakaitikia pamoja, na safari hii hata juu ya paa tulisikia kila neno. Mungu atakupa. Mungu atakupa.

Mama alinyanyuka kwenye kiti chake bila kushika chochote. Kabla hajasema, sauti ya Hajja Ratiba ikapita juu ya uchochoro, kavu, ile anayotumia kwa watoto wa dirishani.

"Sisi tulishampa."

Mtu akacheka kwenye paa la pili, akayarudia. Paa la tatu likayapokea. Wanawake wa mlenda, na Fundi kule chini kwenye mstari na shati lisilo na mkia. Tulishampa, tulishampa. Sidhani kama wageni walielewa. Walidhani ni wimbo wetu.

Kaka hakuushusha mkono. Yule beki akamwona, akampa. Kaka, kama kawaida yake, hakukaa na mpira, aliugusa mara moja tu ukapita katikati ya miguu ya watu kuelekea goli la upande wa kulia, na mshambuliaji wetu akaufuata mbio mpaka tangi la maji likamficha.

Kwa hiyo sikuona kama uliingia. Nilisikia uwanja. Mama alikuwa ananiuliza, "Wamefanya nini? Wamefanya nini?" nami nilikuwa namtazama kaka, amesimama palepale alipoutoa, goti limepinda kidogo, na mkono bado uko juu. Chini ya shela Atiya hakugeuza kichwa. Alikuwa ananyonya.